Mti wa Mpangaji

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Edmonton, London, alikuwa na babu mmoja tu. Kwa hesabu ya kawaida mtu ana mababu wengi, na ukirudi nyuma vizazi vichache wanatosha kujaza basi. Yeye alikuwa amewaacha wote njiani akabaki na huyo mmoja, babu wa babu wa babu yake, Mmarekani aliyevuka mto Mississippi na nguruwe wake kwenda kulima katika nchi iliyokuwa ya mfalme wa Uhispania. Habari za huyo babu nilizisikia kila asubuhi, nikimwosha mzee mgongo, nikimpikia uji, nikimtafutia soksi ya pili. Haukupita muda nikawa namjua yule babu kuliko ninavyowajua mashemeji zangu.

Mzee mwenyewe alizaliwa Marekani, akaja London angali kijana, akaoa Mwingereza, akafundisha hesabu shuleni mpaka akastaafu. Mke alikuwa ameshafariki. Watoto hawakujaliwa. Kilichobaki ni nyumba yenye ngazi asizoweza kuzipanda, redio, babu, na kishamba cha kukodi nyuma ya reli. Hicho kishamba nitakirudia.

Kwanza niseme jambo kuhusu walowezi, nisije nikadhaniwa nilikuwa nasikiliza kwa moyo mweupe. Mimi ni mwanamke wa pwani ya Kenya, lakini si pwani ile ya kwenye picha za watalii. Kwetu ni bara ya Kilifi, ambako bahari ni habari ya kusikia na vumbi ni la kula. Nilivyofundishwa nyumbani, mlowezi ni mtu aliyekuta watu, akaandika kwamba hakukuta mtu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mzee aliponiambia kwa fahari kwamba mfalme wa Uhispania alimpa babu yake ardhi, nilimuuliza:

"Naye mfalme alipewa na nani?"

"Na mfalme wa Ufaransa."

"Naye wa Ufaransa?"

Mzee alitazama bakuli lake. "Uji umepoa," akasema.

Ulikuwa unatoka moshi.

Na sisi tulikuwa nani? Sisi tulikuwa maskwota. Shamba tulilozaliwa juu yake lilikuwa la bwana mmoja aliyekaa Mombasa, ambaye sikuwahi kumwona, na nadhani hata yeye hakuwahi kuliona shamba. Tuliruhusiwa kulima mahindi, mihogo, kunde, chochote kinachovunwa kikaisha. Tulichokatazwa ni mti. Mpangaji hapandi mti. Kwetu mti ni ushahidi: mwenye mnazi ana neno la kusema juu ya ardhi iliyo chini ya mnazi, na mwanawe atakuwa na neno, na mjukuu pia. Ndiyo maana kila baada ya masika msimamizi wa yule bwana alikuja na baiskeli yake kukagua. Mahindi hakuyatazama. Alikuwa akitafuta miche.

Baba alipanda mnazi mmoja nyuma ya choo, ambako alidhani heshima ya msimamizi haingemfikisha. Ilimfikisha. Alimwita baba akamwambia aung'oe kwa mkono wake mwenyewe, na mimi na kaka yangu tumesimama pale tunatazama. Ulikuwa umefika magotini mwangu. Baba aliung'oa kwa mkono mmoja, akamshukuru msimamizi kwa kutomfikisha kwa mwenye shamba, akaenda kupalilia. Hakuuzungumzia tena mpaka anakufa. Baadaye shamba liliuzwa, tukahamishwa, na kaka akapanga chumba Kilifi mjini, anakokaa hadi leo akizungumza habari za ardhi kama watu wengine wanavyozungumza habari za mpira.

Nami nilitaka ardhi. Sina haja ya kulizungukazunguka hilo. Nilikuwa na kazi London, nilikuwa na binti, nilikuwa na nyumba ya kupanga ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kwenye ghorofa yenye lifti inayofanya kazi ikijisikia, na kila nikipita mahali penye udongo uliochimbwa nilipunguza mwendo.

Sasa turudi kwa babu. Alivuka mto kwa sababu upande wa Wamarekani ardhi ilikuwa ghali na upande wa Mhispania ilikuwa karibu ya bure. Alivuka kwanza, ruhusa akaomba baadaye. Mzee aliikariri sehemu hiyo kama aya ya Biblia. Alijenga kibanda cha magogo. Miti ya msituni hakuikata, ilikuwa mikubwa mno. Aliibandua gamba pande zote, akaiacha ife imesimama, akapanda mahindi katikati ya mizoga yake. Nguruwe aliwatoboa masikio akawaachia porini wajitafutie. Mahindi yalitwangwa kwenye kinu kilichochongwa katika kisiki, na hapo, lazima nikiri, nilimwelewa kidogo. Kila kiangazi kikielekea mwisho alishikwa na homa ya baridi, akatetemeka chini ya ngozi ya dubu, akapona, akalima. Hakuna aliyemtembelea isipokuwa watu wenye nchi, waliokuja kumkumbusha kwa kuchukua farasi wake.

"Wezi," mzee alisema.

"Wenyeji," nikasema.

Tulikubaliana kwamba farasi aliondoka.

Habari niliyoipenda zaidi ni ya kiapo. Mhispania alitaka mambo mawili: uape utii kwa mfalme wake, na uwe Mkatoliki. Babu alikuwa Mprotestanti wa kukaza meno. Alipofika mbele ya ofisa, ofisa akamuuliza kama anamwamini Mungu. Akasema anamwamini. Na Yesu Kristo? Naye pia. Ofisa akafunga mazungumzo: basi wewe ni Mkatoliki mzuri, nenda ukalime. Mzee alicheka kila alipoisimulia hadi ikabidi nimshikilie asiteleze kwenye kiti cha kuogea. Kwetu wanasema mkono usioweza kuukata, ubusu, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamwambia kwamba mimi pia nimewahi kuapa kwa mfalme, tena juzijuzi, kwenye ukumbi wa kaunsili, nimevaa viatu vinavyobana, siku niliyopewa uraia. Baada ya kuapa tulipewa keki.

"Babu yangu hakupewa keki," mzee alisema, akaonekana kuumia kwa niaba yake.

Toka siku hiyo alinitazama kwa jicho jingine. Nadhani aliniweka kwenye ukoo, mahali fulani karibu na nguruwe.

Kile kishamba nacho kilikuwa na mambo yake. Waingereza wana utaratibu huu: kaunsili huchukua uwanja, huukata vipande, na kila kipande humkodisha mtu wa mjini apate pa kupandia viazi na pa kumkwepea mkewe. Wapangaji wana kamati, na kamati ina katibu. Kipande hakiuzwi wala hakirithiwi. Sharti lake ni moja lisilo na huruma: kilimwe. Kisipolimwa kinachukuliwa na kupewa anayefuata kwenye foleni, na foleni yenyewe watu huzeekea humo. Mzee alisema ni sharti lilelile la Mhispania: uvuke, ujenge, ulime, la sivyo ardhi irudi kwa mfalme.

Tatizo ni kwamba magoti ya mzee yalikuwa yamestaafu. Katibu alikuwa ameshapita kumwonya mara mbili kwa adabu, na Mwingereza akikuonya mara mbili kwa adabu ujue mambo yamekwisha. Mzee alikuwa akishindwa kulala.

"Nitakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kushindwa kulima katika nchi ya mfalme," aliniambia.

Kampuni iliyoniajiri ilikataza mhudumu kugusa bustani ya mteja. Niliitii. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa mhudumu. Jumamosi nilikuwa rafiki, na rafiki haongozwi na sheria za kampuni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimekaa London miaka na miaka na hakuna aliyewahi kunipa jembe. Mzee alinipa sepetu ya Kiingereza, ile ya kukanyagia, ambayo inamtaka mtu asimame wima na kuchimba kama anayewasha pikipiki. Niliivumilia Jumamosi moja. Kisha nikampigia kaka simu, na mtu wa kanisani aliyekuwa likizo Mombasa akarudi na jembe langu ndani ya sanduku, kichwa tu, limefungwa kwenye khanga. Mpini niliufanya kwa mguu wa meza iliyotupwa na jirani.

Nilipoinama na lile jembe, wapangaji wa vipande vya jirani waliacha kazi zao wakatazama. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimerudi kwenye kitu ninachokijua na huenda ilionekana. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, akisimulia habari za babu na kunielekeza nisichohitaji kuelekezwa. Tulipanda mahindi, maharage yakapanda juu ya mahindi, malenge yakatambaa chini. Mzee akasema hivyo ndivyo babu alivyolima, alifundishwa na wenyeji. Nikamuuliza ni wale wezi wa farasi? Akasema ndiyo, walewale.

Katibu alipita kukagua. Alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira na sauti ya muuguzi. Aliyatazama mahindi kwa muda, akasema yanavutia. Kishamba kikapona.

Halafu ikaja siku ya mitufaha. Nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, mgongo unaniuma, na mgongo ukiuma mdomo hukosa breki. Mzee alikuwa akisimulia jinsi babu alivyopanda bustani ya kwanza ya matufaha upande ule wa mto. Miche aliivusha kwa mtumbwi, mizizi imefungwa kwa gunia bichi.

"Alipanda mwenyewe?" nikauliza.

"Nani mwingine?"

"Ndiyo nauliza. Alikuwa na watu?"

Mzee alivuta blanketi. Treni ikapita, tukaingoja ipite.

"Alikuwa na mwanamke mmoja," akasema.

"Mke?"

"Mke alikuwa naye pia."

Niliendelea kupalilia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kwetu pia watu walinunuliwa, na si zamani kama tunavyopenda kusema. Nilifika mwisho wa mstari ndipo nikauliza tena.

"Jina lake?"

"Halikutufikia."

"La babu limefika."

"Ndiyo," akasema. "La babu limefika."

Nilimrudisha nyumbani nikisukuma kiti chake cha magurudumu. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kumkasirikia marehemu ni kazi ya bure, hailipwi na haina likizo. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Yule mwanamke alichumia juani, kivulini wakala wengine, na mmoja wao nilikuwa namsukuma mimi kumpeleka kunywa chai.

Tangu hapo mzee aliacha kusimulia habari za babu. Asubuhi zikawa za kusikiliza habari za hali ya hewa. Sikujua ningewahi kumkosa yule babu, lakini nilimkosa.

Baridi ilipoingia mzee aliagiza kitu bila kuniambia. Kikaletwa mlangoni siku moja, kirefu, kimefungwa gunia upande mmoja. Nilifungua nikaona fimbo yenye mizizi.

"Mtufaha," akasema. "Kaupande Jumamosi."

"Niupande wapi?"

"Shambani. Wapi kwingine?"

"Mimi?"

"Mimi siwezi kuinama," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Sijui kama ninaweza kulieleza hili kwa mtu ambaye kwao miti hupandwa tu. Kwetu mwenye shamba akikwambia panda mahindi, amekukaribisha. Akikwambia panda mti, amekupa. Hakuna maneno mengine ya kutoa ardhi yaliyo makubwa kuliko hayo. Watu wameozesha mabinti wakiwa bado wanasubiri kuambiwa hivyo, na baba yangu alikufa hajaambiwa. Na sasa mzee wa Kimarekani aliyevaa soksi zisizofanana ananiambia, huku akitafuta taarifa ya mvua. Nilijua kishamba ni cha kukodi, lakini masikio yangu yalisikia ya kwetu.

Jumamosi ya kwanza nilisema udongo umeganda. Ya pili nikasema kuna mvua. Iliyofuata nikasema mpini wa jembe umelegea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

"Mizizi itakauka," mzee akasema.

Basi nikaupanda. Nilichimba shimo pana kuliko ilivyohitajika, nikaweka mboji, nikausimamisha na kuukanyagia pande zote, na nilipomaliza nikakuta nimevua kofia. Mzee alikuwa kwenye kiti chake ananitazama. Nilimwambia asante. Akasema hakuna shida. Nilidhani huo ndio unyenyekevu wa mtu anayetoa kitu kikubwa.

Nilipofika nyumbani nikampigia kaka.

"Kaka, nimepewa ardhi."

"Wapi?"

"Hapa. London."

"Ekari ngapi?"

"Haifiki ekari."

"Nusu?"

"Kaka, ina udongo mweusi. Nimeambiwa nipande mti."

Kisha nikamsikia akigeuka kuwaambia waliokuwa chumbani: amepewa ardhi huko, ameambiwa apande mti. Shangazi yetu akapiga kigelegele. Kigelegele kikishapigwa hakirudishwi. Kanisani kwao walinitaja kwenye maombi, na majirani waliotuona tukihamishwa wakampigia kaka kumpongeza. Nilifurahi. Tangu siku hiyo nilitembea Edmonton kama mwenye mji.

Mtufaha ulitoa majani. Nilikuwa nikiyahesabu, sitasema yalikuwa mangapi.

Kabla majani hayajaanza kudondoka mzee alianguka jikoni, siku isiyokuwa zamu yangu. Akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Kenton, kwa sababu ngazi za nyumbani kwake zilikuwa zimeshinda kesi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda shambani kuvuna malenge. Katibu akanijia na chupa ya chai na biskuti. Alinimiminia kikombe kabla ya kusema lolote, na hapo ningepaswa kujua.

Alisema anasikitika kuhusu mzee. Alisema kishamba kitapewa anayefuata kwenye foleni, ndivyo kanuni zilivyo, na kwamba nikitaka ninaweza kuandikisha jina langu mwishoni. Alisema nimelima vizuri sana. Kisha akautazama mti.

"Na huo itabidi utoke kabla hajaja mpangaji mpya," akasema kwa upole. "Miti hairuhusiwi. Mzee anajua, tumewahi kubishana naye kuhusu hilo miaka ya nyuma."

"Kwa nini hairuhusiwi?"

"Kwa sababu mti unakaa na mpangaji anapita," akasema. "Mtu akishapanda mti huanza kujiona ni pake."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimevuka bahari, nimeapa kwa mfalme, nimekula keki, kumbe nimekuja kukutana na msimamizi yuleyule. Ila huyu hakuwa na baiskeli, na alikuwa ameleta biskuti. Na mzee hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mpangaji kama baba yangu, na kile alichonipa hakikuwa chake kutoa. Niliandikisha jina langu kwenye foleni, maana asiyekuwepo na lake halipo, nikaenda kituoni kupanda treni ya Kenton nikiwa nimekunja uso.

Nilimkuta mzee kwenye kiti karibu na dirisha, anaangalia magari yakiegeshwa. Alikuwa amepungua. Soksi zake zilifanana, na hilo liliniuma kuliko kupungua kwake.

"Ulijua miti hairuhusiwi," nikamwambia kabla sijakaa.

"Nilijua."

"Ukaniambia nipande."

"Ndiyo."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mnazi, choo, msimamizi, mkono mmoja wa baba, na maana yake kwetu mtu akikwambia panda mti. Nilimweleza habari ya kigelegele. Sauti yangu ilipanda mpaka mama mmoja kwenye kiti cha jirani akapunguza televisheni ili asikie vizuri. Mzee alinisikiliza jinsi mimi nilivyokuwa nikimsikiliza yeye asubuhi, bila kukatiza.

"Sikujua," akasema.

"Najua hukujua."

"Ningekuwa na ardhi ningekupa."

"Najua."

"Nilikuwa na fimbo tu."

Tukakaa. Mhudumu wa pale akaleta chai, akaiweka mbali na mkono wake, nikaisogeza. Ndipo akaanza, bila kuulizwa, kwa sauti ileile ya asubuhi za zamani: babu yangu alivuka kwanza, ruhusa akaomba baadaye. Nikajiegemeza. Alipita kwenye kiapo, akacheka mahali pake pa kucheka. Alipita kwa nguruwe, kwa miti iliyokufa imesimama, kwa farasi aliyeondoka. Akafika kwenye mtumbwi na gunia bichi.

"Na yule mwanamke akapanda mitufaha," akasema. "Yote. Babu yangu hakupanda hata mmoja. Babu yangu alikuwa na homa."

Hakuwahi kuisimulia hivyo. Sikumwuliza amejuaje. Habari za babu zilimfikia kwa mdomo, na mdomo ulikuwa wake.

"Ikawa mitufaha ya nani?" nikauliza.

"Ilipaswa iwe yake." Aliangalia kikombe chake. Nilidhani atasema chai imepoa, na ilikuwa imepoa kweli, lakini hakusema. "Wako ung'oe wakati wa baridi, mti ukiwa umelala, kabla ya machipukizi. Chimba mbali na shina. Usikate mizizi."

Huyo ndiye mwalimu wa hesabu niliyemjua. Nilimfunga kifungo cha sweta nikaondoka, na kwenye treni nikalia, si sana, lakini watu waliniachia nafasi.

Niliung'oa katikati ya baridi. Nilichimba mbali na shina kama nilivyoambiwa, nikafunga mizizi kwa gunia bichi, nikapanda nao basi. Dereva aliutazama, akanitazama, akaamua zamu yake ni ndefu vya kutosha. Jembe nililibeba begani. Nilisimama mahali pa vigari vya watoto wachanga, mti nimeukumbatia, na hadi tunafika kwetu hakuna aliyeniuliza kitu, ambayo ni sifa mojawapo ya London.

Chini ya ghorofa letu kuna nyasi za kaunsili na kibao. Kibao kinakataza mpira, mbwa, na kuchoma nyama. Nilimwita binti yangu ateremke anishikie mti wima. Alizaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Mum, it's a stick," akasema.

"Ndiyo. Ni fimbo. Ishike."

Akaishika. Nikachimba. Watu wawili watatu walitokea kwenye roshani na vikombe vyao. Binti akazitazama zile roshani, akakitazama kibao, akaniuliza kama tunaruhusiwa.

"Kibao kinasema mpira," nikamwambia.

Tuliukanyagia pamoja, yeye na viatu vyake vyeupe. Nilimweleza habari ya mnazi wa babu yake nikiwa nimeinama, nimempa mgongo, na safari hii aliniuliza swali kwa Kiswahili: ulikuwa mkubwa kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mkono.

Masika ya Kiingereza yalipofika, mti ukachipua. Mzee niliendelea kumtembelea. Nilimpelekea jani, akalichunguza pande zote mbili na kulitia mfuko wa shati, na katika ile habari yake yule mwanamke sasa alikuwa na shamba zima na babu alikuwa na homa moja kwa moja. Kisha kaka akapiga simu. Tulizungumza habari za shangazi na za bei ya unga, ndipo akauliza alichopigia simu.

"Na lile shamba?"

"Shamba limerudi kwa mfalme," nikasema.

"Na mti?"

"Mti ninao."

Sikumwongezea, na yeye hakuniuliza niliuweka wapi. Alivuta pumzi.

"Msimamizi ameuona?"

Asubuhi hiyo mtu wa kaunsili alikuwa amekuja na mashine ya kukata nyasi. Nilikuwa nimesimama dirishani na chai mkononi. Alifika kwenye mti, akasimamisha mashine, akaushika shina kwa vidole viwili, akatazama juu kwenye madirisha yetu yote.

"Ameuona," nikamwambia kaka. "Amekata nyasi kuuzunguka, akaenda zake."

Nilijua kaka yuko wapi. Yuko nyuma ya choo, amesimama pembeni yangu, anatazama.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Kifuani."

"Basi huo," akasema, "hauwezi kung'oka kwa mkono mmoja."